Nyama ilale, kabichi ilale: karamu ya vuli ya Kijerumani jikoni kwangu

Jumamosi iliyopita nilikuwa na wageni 14 hapa nyumbani Bonn, Watanzania wenzangu, Wakongo wawili, na majirani Wajerumani wa jengo letu, na tangu siku hiyo wasap yangu haijapumzika, kila mtu anaomba resipi. Nilianza kujibu mmoja mmoja nikaona hapana, ngoja niandike yote mara moja, maana ukimpa mtu resipi ya Sauerbraten, ile nyama ya ng'ombe ya kulazwa kwenye siki, jioni ya Ijumaa na wageni wake wanakuja Jumamosi hujamsaidia kitu. Alitakiwa aanze wiki nzima kabla.

Na hilo ndo jambo ambalo mimi lilinichukua miaka kulielewa. Chakula cha sikukuu cha Wajerumani msimu huu karibu chote ni chakula cha kulala. Nyama inalala kwenye siki, kabichi inalala kwenye sufuria yake, viazi vingine vinachemshwa jana yake. Sisi kiporo tunakila asubuhi na chai kwa sababu kimebaki, wenzetu hawa wanakipika makusudi kiwe kiporo kabla mgeni hajafika mlangoni. Nilivyolielewa hilo jiko lao likanifungukia, nikaacha kukimbizana na masufuria manne kwa mpigo watu wamekaa sebuleni wananusa tu.

Kwanza nisahihishe kitu. Kila nikisema napika Kijerumani, ndugu zangu wa Tanga wanadhani ni soseji na bia na ile sherehe ya Munich, ambayo hata jina lake ni la Oktoba lakini inaanza Septemba na kuisha mwanzoni mwa Oktoba. Hayo ni mambo ya Bavaria. Vuli ya huku ni ndefu na kila mkoa una chakula chake. Na hili neno vuli lenyewe, kwetu Tanga vuli ni zile mvua ndogo za Oktoba mpaka Desemba, mahindi yanapandwa. Huku ni kinyume kabisa, ni msimu wa kuvuna na kufungia, majani yanapukutika na watu wanaweka akiba kwa ajili ya baridi. Jumapili ya kwanza ya Oktoba makanisa mengi yana Erntedank, shukrani ya mavuno, unakuta mbele ya altare pamejaa maboga, ngano, viazi, zabibu, mikate mikubwa. Lakini usitegemee mlo mmoja wa taifa zima siku hiyo kama bata mzinga wa Wamarekani, haupo. Anayeishi kwenye mashamba ya zabibu anakula Zwiebelkuchen, keki ya chumvi ya vitunguu, pamoja na Federweißer ambayo ni juisi ya zabibu iliyoanza kuchacha kuwa mvinyo, na chupa yake haifungwi kabisa kwa sababu bado inatoa hewa, ukiilaza kwenye mfuko inamwagika yote. Wa kaskazini, Bremen na Oldenburg huko, wanasubiri baridi ikaze ndo wale Grünkohl, majani fulani ambayo mtu wa kwetu akiyaona atasema sukuma wiki imejikunja. Na sisi wa huku kwenye mto Rhine tuna Sauerbraten, na tuna sikukuu ya Mtakatifu Martin tarehe 11 Novemba.

Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo kila kitu hapa chini hakina nguruwe wala mvinyo, na nasema wazi kwamba hakuna mgeni aliyekosa kitu. Wajerumani wenyewe walirudia sahani.

Sasa Sauerbraten. Maana yake ni nyama chachu ya kubanika, ingawa haibanikwi, inapikwa polepole ndani ya chungu. Nilichukua kilo 3 za nyama ya bega la ng'ombe, kipande kizima, kwenye duka la nyama la Waturuki. Jumapili iliyotangulia nikachemsha siki ya epo na maji, kipimo kimoja cha siki kwa viwili vya maji, ndani yake vitunguu viwili, na kile kifurushi wanachokiita Suppengrün ambacho kila supamaketi inauza kimefungwa na rababendi, karoti, kipande cha mzizi wa seleri, liki. Halafu viungo, karafuu 6, pilipili manga nzima, mbegu za haradali, majani mawili makavu ya Lorbeer (bay leaf kwa Kiingereza), na Wacholder, vile vijitunda vyeusi vyenye harufu ya msituni ambavyo kwetu sijawahi kuviona. Ikichemka unaiacha ipoe kabisa, nasisitiza kabisa, maana ukimwagia nyama ikiwa ya moto unaanza kuipika juujuu na siki haitaingia ndani. Kisha chombo kiwe cha kioo au udongo, siyo alumini, siki na alumini haviendani. Nyama izame yote. Frijini siku 5 mpaka 7, na kila siku unaigeuza mara moja. Mwanangu wa miaka tisa ndo alikuwa na zamu hiyo na aliichukulia kwa uzito kuliko homuweki.

Siku ya kupika unaitoa, unaikausha kwa taulo la karatasi mpaka ikauke kwelikweli kwa sababu nyama mbichi yenye maji haipati rangi, unaikaanga pande zote kwa mafuta ya moto mpaka iwe kahawia, unaitoa, unakaanga zile mboga ulizozichuja na kijiko cha nyanya ya kopo, unarudisha nyama na ile siki yake nusu, nusu nyingine ni supu ya mifupa au maji, unafunika, moto mdogo, saa 3. Ukiichoma kwa uma inakubali bila ubishi, hiyo imeiva. Mimi niliipika Ijumaa usiku, nikaiacha ilale tena, Jumamosi nikaikata ikiwa ya baridi, vipande vinatoka vizuri havivunjiki, halafu nikavipasha ndani ya mchuzi.

Mchuzi ndo wenyewe. Huku Rhineland wanautia biskuti za viungo, Printen za Aachen au ile Lebkuchen ya kupikia, unazivunja zinayeyuka na kuupa uzito, halafu zabibu kavu, na kijiko cha Rübenkraut, hiyo ni kama asali nyeusi inayotokana na biti za sukari. Unapata uchachu, utamu, na joto la viungo kwa pamoja. Nilimpigia mama simu nikiwa naukoroga, nikamtajia vilivyomo, karafuu, mdalasini wa kwenye biskuti, pilipili manga, zabibu, akanyamaza kidogo akasema, "We mwanangu, si pilau hiyo, imekosa mchele tu." Na amesema kweli. Mtu wa pwani zabibu kwenye nyama hazimshangazi. Ukipita mikoa mingine ya Ujerumani wanaweka mchuzi bila tamu yoyote, na wanatetea wa kwao, ila mimi nipo na watu wa Rhine kwenye hili moja kwa moja. Angalizo kwa wanaokula mgahawani, zamani Sauerbraten ya huku ilikuwa ya nyama ya farasi na mpaka leo sehemu chache wanaipika hivyo, kwa hiyo uliza kabla hujaagiza.

Kabichi nyekundu. Ukienda kaskazini inaitwa Rotkohl, nyekundu, ukienda kusini Bavaria ni Blaukraut, ya buluu, na kabichi ni ileile moja. Rangi yake inabadilika kufuatana na uchachu, ukitia siki au epo mwanzoni inakuwa nyekundu ya kung'aa, ukiipika bila kitu kichachu inaelekea buluu. Nilimfanyia mwanangu jaribio hilo kwenye glasi mbili za maji ya kabichi, moja ndimu moja magadi, akaita mpaka watoto wa ghorofa ya juu waje waone.

Kichwa kimoja cha kilo moja na ushee kinatosha watu 6 hivi, mimi nilipika viwili. Ikate nyembamba uwezavyo, tia chumvi, sukari kijiko, siki vijiko vitatu vinne, uibonyeze kwa mikono mpaka ilegee, mikono itakuwa zambarau mpaka kesho usijali. Iache masaa kadhaa. Kwenye sufuria siagi ya kutosha, kitunguu, epo mbili chachu, za aina ya Boskoop kama umezipata, unatia kabichi, kitunguu kingine kizima ulichokichomeka karafuu 4, kijiti cha mdalasini, jani la Lorbeer, maji kidogo au juisi ya epo, moto mdogo saa nzima au zaidi. Mwishoni kijiko cha jemu yoyote nyekundu yenye uchachu. Ukiionja hapohapo utasema mbona ya kawaida. Ilaze. Kesho ukiipasha karafuu imeshaingia kila mahali na ule ukali wa siki umetulia, ni chakula kingine. Nimezoea kusema karafuu kwa mtu wa visiwani siyo habari, lakini kuikuta ndani ya kabichi, kwenye nyumba ya bibi wa Kijerumani ambaye hajawahi kuvuka bahari, mara ya kwanza ilinigusa sana, nilikuwa nina miezi miwili tu nchini na sikuwa na mtu.

Bibi huyo ndo jirani yangu wa chini, na ndo aliyenifundisha Klöße, madonge ya viazi. Hapa ndo watu wengi wanakwama na mimi nilikwama. Mara ya kwanza nilipojaribu peke yangu kwa kufuata vidio, madonge yaliyeyuka yote majini, nikabaki na uji wa viazi na wageni wamefika. Nililia siku hiyo. Kosa lilikuwa viazi. Huku kwenye mfuko wa viazi wanaandika, kuna festkochend vinavyobaki vigumu, vya saladi, na kuna mehligkochend vyenye wanga mwingi vinavyopasuka ukivichemsha. Klöße wanataka hivyo vya pili, ukikosea hapo hakuna cha kukuokoa. Kosa la pili, maji yalikuwa yanatokota.

Za kwetu Rhine na maeneo mengi zinaitwa nusu kwa nusu. Nusu ya viazi unavichemsha, unavimenya na kuviponda vikiwa vya moto. Nusu unavikwaruza vibichi kwa greta, halafu unavikamua maji yote, na bibi ana kimfuko cha kitambaa maalumu kwa kazi hiyo, nilivyokiona tu nikacheka nikapanda juu kuchukua kifumbu changu nilichopewa na mama, hiki cha kuchujia tui. Kinafanya kazi vizuri kuliko kitambaa chake, mwenyewe amekubali, na sasa nimemletea chake kutoka Tanga. Yale maji uliyokamua usiyamwage. Yaache kwenye bakuli robo saa, yamwage taratibu, chini utakuta wanga mweupe umeganda, wanaotengeneza unga wa muhogo wanalijua hili. Wanga huo unaurudisha kwenye viazi, ndo gundi yenyewe. Chumvi, kungumanga kidogo, changanya, loweka mikono kwenye maji baridi, finyanga donge saizi ya chungwa dogo, katikati fukia vipande viwili vitatu vya mkate wa jana vilivyokaangwa kwenye siagi. Maji ya chumvi yachemke kwanza kisha uyapunguze mpaka yawe yanatetemeka tu. Tia donge moja la majaribio. Likishika, weka mengine, likianza kuyeyuka ongeza unga wa viazi kwenye mchanganyiko. Yanazama, yanapanda yenyewe, dakika 20. Kilo 4 za viazi zilinipa madonge 27 na halikubaki hata moja.

Mnaoshangaa viazi viliingiaje mpaka kwenye sikukuu zao, havikuwa vyao. Vimetoka Amerika ya Kusini, na mwaka 1756 mfalme wa Prussia, Friedrich wa Pili, ilibidi atoe amri maofisa wake wawasukume wakulima kuvilima. Leo kaburi lake kule Sanssouci, Potsdam, watu wanaliwekea viazi. Na likizo ya shule ya vuli wazee bado wanaiita likizo ya viazi, Kartoffelferien, kwa sababu watoto waliachiwa wakasaidie kuvichimba, bibi jirani anasema anakumbuka mgongo ulivyokuwa unamuuma.

Bata bukini nitasema kwa kifupi kwa sababu mwaka huu sikumpika. Ndo mlo mkuu wa Mtakatifu Martin, Martinsgans. Hadithi inasema Martin hakutaka kuwa askofu wa Tours, akajificha kwenye banda la mabata, mabata yakapiga kelele yakamfichua. Lakini kuna sababu ya kidunia pia, 11 Novemba ilikuwa siku ya wakulima kulipa ushuru na kodi ya shamba, na wengi walilipa kwa mabata, halafu baada ya siku hiyo ilikuwa inaanza mifungo ya kabla ya Krismasi, kwa hiyo watu walishiba kwanza. Ukimtaka, agiza mapema kwa muuza nyama, wa kilo 4 au 5 anatosha watu 6, mjaze epo, vitunguu na Beifuß, majani makavu yenye uchungu yanayosaidia tumbo na mafuta, oveni ya moto mdogo saa 4 hivi, toboa ngozi bila kugusa nyama ili mafuta yatoke, na mafuta hayo yachuje uyaweke, ndo matamu kuliko yote kwa kupikia ile kabichi.

Ila kilichonikaa moyoni ni chakula cha wale ambao hawakuwa na uwezo wa kununua bata. Kinaitwa Döppekooche, jina linabadilika kila kijiji, maana yake keki ya chungu. Familia masikini za huku Rhineland, siku ya Martin, matajiri wakiwa na bata wao, wao walikwaruza viazi vibichi, wakatia vitunguu, mayai, mkate mkavu uliolowekwa kwenye maziwa, kungumanga, na kipande cha nyama ya kuvuta moshi kama kipo, wakaoka ndani ya chungu kizito cha chuma. Mimi natumia nyama ya ng'ombe ya moshi, na safari hii nilipika bila nyama kabisa kwa sababu wageni wawili hawali. Kilo 2 na nusu za viazi, vitunguu vitatu, mayai manne, mikate midogo miwili, chumvi usiionee aibu. Chungu kiwe na mafuta mengi na kipate moto kwanza kabla hujamimina, oveni nyuzi 200, saa 2. Inatoka na ukoko pande zote, mweusimweusi wa kahawia, unaopasuka ukiukata, na ndani laini. Wanakula na sosi ya epo, Apfelmus. Chumvi na tamu. Msikatae kabla hamjaonja.

Vingine nitapita haraka. Supu ya boga nilitumia boga dogo la rangi ya chungwa la Hokkaido kwa sababu halimenywi, ganda linaiva pamoja, nikatia tangawizi na tui, hiyo tui ni yangu siyo ya Wajerumani ila wao wenyewe siku hizi wanaitia. Zwiebelkuchen niliweka siagi badala ya nguruwe, vitunguu kilo moja na nusu vilegee dakika 40 bila kupata rangi, na kuweni makini na Kümmel. Inafanana na bizari nyembamba kwa macho lakini siyo, bizari yetu kwao ni Kreuzkümmel, ukichanganya utapata keki ya vitunguu yenye ladha ya mchuzi wa kuku. Keki ya plamu niliioka kwa plamu nilizozigandisha Septemba zilipokuwa rahisi sokoni, na kinywaji kilikuwa juisi ya epo ya moto yenye mdalasini.

Jioni ya karamu watoto walitoka kwanza na taa zao za karatasi kumfuata yule anayeigiza Mtakatifu Martin, anapanda farasi amevaa joho jekundu la askari wa Kirumi, ambalo kwenye hadithi Martin alilikata nusu kwa upanga akampa masikini aliyekuwa anatetemeka kwa baridi. Wakapita nyumba kwa nyumba wakiimba na kupewa peremende, huku Bonn wanaita schnörzen, wakarudi pua nyekundu na kila mmoja na Weckmann wake, kimkate cha umbo la mtu. Wakaingia moja kwa moja jikoni kwenye harufu.

Nilikuwa nimepanga Sauerbraten ndo iwe katikati ya meza, na ililiwa ikaisha, lakini nilipokwenda kuchukua chungu cha Döppekooche nikakuta bibi jirani na mmoja wa wale Wakongo wamekiinamia kila mtu na kijiko chake, wanakwangua chini. Bibi akasema nyumbani kwao walikuwa ndugu saba na mama yao aligawa ukoko kwa zamu, kila mwaka mtoto mmoja, zamu yake ilikuja mara mbili tu kabla hajaolewa. Nikamwambia kwetu ukoko wa wali tunagombania hivyohivyo. Akaniuliza unaitwaje kwa Kiswahili, nikamwambia, akalirudia neno mara tatu nne mpaka likakaa sawa, halafu akaendelea kukwangua.